Mbao Kwanza, Mchoro Baadaye: Kutengeneza Benchi kwa Mbao Zilizokwishatumika

Wengi wanaoanza kutengeneza fanicha kwa mbao za zamani huanza na picha. Wanaona meza wanayoipenda, wanachukua vipimo vyake, kisha wanatoka kutafuta mbao za kuifikia. Ukiwa na mbao mpya hakuna shida, kwa sababu unaagiza urefu na unene unaoutaka. Mbao iliyokwisha kufanya kazi nyingine haiagizwi. Inakuja na urefu wake, matundu yake, mpindo wake na sehemu zilizochoka, na fundi ndiye anayeifuata. Mimi sichori chochote mpaka mbao ziwe safi, zimekauka na zimepangwa sakafuni mbele yangu. Hapo ndipo ninapojua kama nina benchi, rafu au kigoda tu.

Nitaeleza kazi nzima kwa kutumia benchi la watu wawili, maana ndilo ninalomshauri kila anayeanza. Lina miguu minne, fremu na kikalio, na ukiliweza hilo, meza ni benchi lililorefuka miguu. Lakini sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu mambo ya kabla ya kuunganisha, kwa kuwa huko ndiko benchi linakopona au kuharibika.

Za kuchukua na za kuacha

Paleti, yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo, ndizo zinazopatikana kwa urahisi, ila si lazima ziwe ndizo bora. Milango ya zamani na fremu zake, vitanda vilivyovunjika, kenchi za paa, masanduku ya mizigo mizito: humo mna mbao nene zilizokauka taratibu kwa miaka mingi. Fremu ya mlango ninaipenda kuliko zote kwa miguu, kwa sababu ni nene na mara nyingi ilichaguliwa ikiwa imenyooka tangu mwanzo. Mbao zilizofungia zege nazichukua kwa shingo upande. Zimeganda saruji na mchanga, na chembe za mchanga zinakula makali ya randa upesi kuliko mbao ngumu yoyote. Popote utakapozipata, muulize mwenyewe kwanza, hata kama zimetupwa pembeni.

Paleti iliyosafiri kati ya nchi na nchi huwa na muhuri uliochomwa au kupigwa wino ubavuni. Unaonyesha alama ya suke la ngano yenye herufi IPPC (mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea), herufi mbili za nchi, namba ya aliyeitengeneza, na herufi za namna ilivyotibiwa dhidi ya wadudu. HT maana yake ilipashwa moto mpaka kiini cha mbao kikafika nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo. Hiyo chukua. MB maana yake ilifukizwa kwa gesi ya methili bromidi, ambayo ni sumu. Hiyo iache, mbao nyingine zipo. Isiyo na muhuri wowote huenda haikuvuka mpaka, basi ihukumu kwa macho na pua: ikiwa na madoa ya mafuta, unga wa rangi usioujua au harufu ya dawa, usiiingize nyumbani. Na uelewe kwamba HT iliua wadudu waliokuwamo siku ile tu. Haizuii wapya kuingia.

Mataruma ya reli na nguzo nyeusi zenye harufu ya lami zimenyweshwa kreosoti, dawa kali ya kuhifadhi mbao. Hazifai kukaliwa wala kuwekwa ndani, hata zikipendeza namna gani. Mbao zenye rangi ya kijani iliyofifia, hasa za uzio na gati, huenda zilitiwa dawa ya shaba, kromi na aseniki. Hizo usizirande, na mabaki yake usiyachome kamwe, kwa sababu aseniki ni sumu na inabaki kwenye moshi na majivu.

Rangi ya zamani nayo ina hatari yake. Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978, na sehemu nyingine zilichelewa zaidi. Kama hujui umri wa rangi iliyo kwenye mlango uliouokota, ichukulie kuwa ina risasi: usiipige msasa ikiwa kavu na usiichome kwa moto. Mimi mbao ya namna hiyo naiacha, isipokuwa iwe mbao ya pekee kweli. Hapo ninaipaka dawa ya kulainisha rangi, ninaikwangua ikiwa mbichi, nakusanya makapi yote kwenye mfuko, na watoto hawasogei mpaka nimefuta sakafu kwa kitambaa chenye maji.

Kuoza kunapimwa kwa bisibisi. Ichome mbao kwenye ncha na kwenye kila sehemu iliyobadilika rangi. Ikizama bila kubishana, hapo pamekufa. Matundu madogo ya wadudu si mwisho wa habari. Gonga ubao juu ya karatasi nyeupe, uuache usiku kucha, na asubuhi uangalie. Unga mpya laini ukiwa umedondoka, wadudu bado wako kazini, na ubao huo usikae karibu na fanicha zako. Karatasi ikibaki safi, rudia kipimo baada ya wiki kadhaa kabla ya kuamini.

Kung'oa misumari

Hapa usiwe na haraka. Misumari ya paleti mingi ina mikunjo au pete mwilini, na ilitengenezwa hivyo makusudi ili isichomoke. Ukichomeka mtaimbo chini ya ubao na kukandamiza, msumari utabaki palepale na ubao ndio utakaopasuka, kuanzia nchani kufuata nyuzi. Njia inayookoa mbao ni kukata. Penyeza mtaimbo mwembamba kati ya ubao na gogo la chini mpaka uone mwanya wa milimita 3 hivi, kisha ingiza bledi ya msumeno wa kukatia chuma na ukate msumari humo katikati. Funga kitambaa kinene upande mmoja wa bledi upate pa kushika. Mwenye msumeno wa umeme wa kwenda na kurudi aufunge bledi ya kukatia chuma, na kazi ya asubuhi nzima itakwisha upesi.

Vichwa vitabaki kwenye ubao. Ugeuze, weka ncha ya sumbi au msumari mnene butu juu ya kisiki cha msumari, piga nyundo mara moja au mbili, na kichwa kitachomoza upande wa pili ukivute kwa koleo. Chini ya ubao weka vipande viwili vya mbao kushoto na kulia kwa msumari, usiuache ubao ukining'inia.

Kwenye milango na kenchi misumari huwa laini lakini imeshikwa na kutu. Msumari wa kutu kwanza upigwe ndani kidogo, milimita moja tu. Utasikia mlio mkavu: huo ni kutu ikiachia mbao. Baada ya hapo nyundo ya makucha itautoa bila ugomvi. Weka kipande cha ubao chini ya nyundo, kwa sababu kinalinda uso wa mbao na kuongeza nguvu ya kuvuta. Vuta kidogo, ongeza unene wa kile kipande, vuta tena, na msumari utatoka wima badala ya kupinda na kupanua tundu.

Ukimaliza, pitisha sumaku yenye nguvu juu ya kila uso wa ubao, polepole. Inaposhika, weka alama ya chaki. Sumaku haioni shaba nyeupe, wala haifikii chuma kilichozama sana, kwa hiyo angalia pia kwa macho: doa la bluu nyeusi lililozunguka tundu ni chuma kilichokutana na tanini, kemikali ya asili iliyo ndani ya mbao, na mara nyingi chuma chenyewe bado kimo ndani. Doa lenyewe halidhuru. Kuna asidi ya oksaliki inayolififisha, ila mimi huliacha. Linaonyesha mbao ilikotoka, na fanicha ya mbao za zamani isiyo na alama hata moja naiona kama imenyang'anywa kitu.

Mwisho piga ubao brashi ya waya kufuata nyuzi, ukate sentimita 2 au 3 kila ncha. Mchanga hujificha kwenye ncha, na nyufa nyingi huanzia hapo.

Wakati wote huo vaa miwani ya kinga na glavu, na ukifika kwenye kukata na kupiga msasa ongeza barakoa inayochuja vumbi laini. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao katika orodha ya visababishi vya saratani mwaka 1995. Karakana ya nyumbani ni chumba kidogo, na vumbi halina pa kwenda ila mapafuni mwako.

Kukausha na kusoma mpindo

Mbao iliyolala nje imekunywa maji hata kama uso wake ni mkavu. Ipange ndani, juu ya vijiti vya unene mmoja vilivyoachana sentimita 40 hivi, na vijiti vya kila tabaka viwe wima juu ya vya chini yake. Juu kabisa weka mzigo. Hewa ipite kila upande. Chagua ubao mmoja, upime uzito kwenye mizani, uandike uzito na tarehe kwa penseli juu ya ubao wenyewe. Pima kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, ubao umekwisha kupatana na hewa ya chumba. Sina kipimo kingine cha unyevu ninachokiamini zaidi ya hicho, na hakina gharama.

Sasa zipange sakafuni uziangalie. Funga jicho moja, tazama kila ubao kutoka nchani kama anayelenga shabaha. Ubao unaweza kuwa umepinda kama upinde, umejikunja kwa upana, au umesokoteka. Kusokoteka ndiko kunakojificha. Chukua vijiti viwili vilivyonyooka kabisa, kimoja ukiweke nchani, cha pili upande wa mwisho, kisha chutama utazame juu ya cha kwanza mpaka uone cha pili. Mistari yao ikienda sambamba, ubao umetulia. Kimoja kikiinua bega, ubao umesokoteka, na pembe mbili zilizo juu ndizo utakazoziranda kwanza.

Kabla ya randa kugusa kitu, kata mbao ziwe fupi. Fikiria ubao wa sentimita 180 ulioinuka katikati milimita 12. Ukitaka kuuranda uwe sawa ukiwa mzima, utapoteza hizo milimita 12, na ubao wa paleti wenyewe unene wake haufiki mbali zaidi ya hapo. Ukiukata vipande vitatu vya sentimita 60, mpindo wa kila kipande unashuka mpaka kama milimita moja na theluthi, kwa sababu mpindo unapungua kwa mraba wa urefu: theluthi ya urefu, sehemu moja ya tisa ya mpindo. Ndiyo maana nasema mchoro unangoja. Mbao zilizopinda sana zinakwambia zinataka kuwa vitu vifupi, na ukizisikiliza unabaki na unene wa kutosha.

Kuranda kwenyewe: anza kwa mshazari kuvuka nyuzi, kona hadi kona, mpaka vilima viishe, ndipo ufuate nyuzi. Tazama ubavu wa ubao uone mistari inapanda kuelekea wapi, na usukume randa kuelekea huko inakopanda. Randa ikichana na kung'oa vipande, geuza ubao. Unapopitisha randa mara ya kwanza tumia bledi ya zamani, kwa kuwa haijalishi umesafisha vipi, mchanga upo. Maranda ya mwanzo yatatoka ya kijivu na kuvunjikavunjika kama unga. Endelea. Ghafla yatabadilika rangi, yatakuwa marefu, yatajikunja, na harufu ya mbao itapanda kana kwamba mti umekatwa jana. Hapo badilisha bledi, uweke iliyonolewa vizuri.

Benchi

Vipimo vyangu ni vya kuanzia tu, rekebisha kulingana na ulichonacho. Urefu sentimita 100, upana 34, kimo 45, ambacho ndicho kimo cha kawaida cha kukalia. Miguu minne ya sentimita 5 kwa 5 itoke kwenye fremu ya mlango. Mbao nne za fremu, zinazozunguka chini ya kikalio, ziwe na unene wa sentimita 2 na ushee na kina cha 8. Kikalio ni mbao tatu au nne za paleti. Mbao iliyonyooka kuliko zote iende kwenye fremu ndefu, kwa sababu hizo ndizo zinazobeba. Ubao mzuri kwa uso, wenye rangi na michoro, uende juu unakoonekana. Vifundo vikubwa visiwe karibu na viungo.

Unaweza kufunga fremu kwenye miguu kwa skrubu, na benchi litasimama. Lakini mbao za zamani zina matundu na nyufa zisizoonekana, na skrubu hutafuta hizo nyufa. Mimi ninatumia ulimi na tundu: ncha ya mbao ya fremu inapunguzwa iwe ulimi, na ulimi unazama kwenye tundu lililochongwa mguuni. Unene wa ulimi uwe kama theluthi moja ya unene wa ubao, yaani upana wa patasi ya milimita 8. Urefu sentimita 2.5. Upande wa juu punguza ulimi sentimita 2, ili tundu lisikaribie ncha ya mguu na kuupasua. Ndimi mbili zinakutana ndani ya mguu mmoja, basi kata ncha zake kwa mshazari wa nyuzi 45 zisigombane.

Chonga matundu kwanza, ndimi baadaye. Tundu likishakuwa, ulimi unaweza kupunguzwa kidogokidogo mpaka uingie kwa kusukumwa na mkono na kugongwa kidogo mwishoni. Ukihitaji nyundo nzito, umezidi na utapasua mguu. Ukiingia wenyewe kwa uzito wake, umelegea: gundisha kipande chembamba cha mbao ubavuni, kikikauka upunguze upya.

Gundi nyeupe ya mbao inatosha, kwa sharti moja ambalo kwa mbao za zamani halina msamaha: uso unaopakwa uwe umerandwa au kuchongwa karibuni. Uso wa zamani umefunga, haunywi gundi. Unganisha kwanza pande mbili fupi, ziache zikauke, kisha uzishike kwa mbao ndefu. Kabla gundi haijashika, pima fremu kona hadi kona, pande zote mbili za mshazari. Vipimo vikilingana, kona zote za fremu ni za nyuzi 90. Visipolingana, sukuma kona zilizo mbali mpaka vilingane. Huna klampu? Zungusha kamba imara mara mbili kuzunguka fremu, chomeka kijiti katikati ya kamba, ukisokote mpaka kamba iimbe, halafu ukizuie kwenye ubao. Weka vipande vya katoni konani kamba isiache alama. Liache mpaka kesho yake.

Kikalio kisigundishwe kwenye fremu. Mbao haibadiliki urefu, ila upana wake unapumua: sentimita 30 za msonobari zinaweza kupanuka na kusinyaa milimita 3 au 4 kati ya majira makavu na ya unyevu. Ukikifunga kabisa, siku moja kitapasuka chenyewe usiku na utashtuka. Acha mwanya wa milimita 4 kati ya mbao na mbao, kisha funga kila moja kutoka chini kwa skrubu zilizopita kwenye vipande vidogo vya mbao vilivyogundishwa ndani ya fremu. Tundu la skrubu kwenye kipande hicho livutwe liwe refu kidogo kuelekea upana wa kikalio, ili ubao upate nafasi ya kusogea. Na kila skrubu itanguliwe na tundu la keekee.

Miguu ikiwa haikai sawa, usikate mmoja baada ya mwingine kwa kubahatisha. Simamisha benchi juu ya sakafu au ubao ulio sawa, weka vipande vyembamba chini ya mguu mfupi mpaka kikalio kiwe sawa kwa pimamaji. Kisha chukua kipande cha mbao chenye unene unaozidi kidogo ule mwanya, kilaze sakafuni, weka penseli juu yake na uzungushe mstari kwenye miguu yote minne. Kata kwenye mistari, na ncha za miguu uzipige tupa pembeni zisipasuke benchi likiburutwa.

Kumalizia

Msasa namba 80 kama kuna alama za randa, halafu 120, halafu 180, na hapo inatosha kwa mbao itakayopakwa mafuta. Vunja kila ukingo mkali, hasa ukingo wa mbele wa kikalio unaogusana na mapaja. Matundu ya misumari mimi siyazibi, isipokuwa yale yanayoweza kuchoma mtu au kukusanya uchafu. Hayo nayachongea kigingi cha mbao ileile. Mchanganyiko wa gundi na unga wa mbao haunywi mafuta, na utabaki doa lisilolingana na kitu chochote.

Vanishi ya maji ni nzuri kwa benchi litakalomwagikiwa vitu. Kwa benchi la ndani ninapaka mafuta ya kitani yaliyochemshwa, tabaka jembamba, ninangoja dakika 15 hadi 20, kisha nafuta yote yaliyobaki juu mpaka kitambaa kitoke kikavu. Nangoja siku moja au zaidi, narudia mara mbili au tatu. Tabaka nene halikauki, linabaki kunata.

Vitambaa ulivyotumia usivifinyange na kuvitupa kwenye kona ya karakana. Mafuta ya kitani hutoa joto yanapokauka, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti. Vitandaze kimoja kimoja nje mpaka vikakamae, au vizamishe kwenye ndoo ya maji, na ufanye hivyo kabla hujakaa kulitazama benchi.

Baada ya miezi miwili au mitatu lipindue, ukaze skrubu za kikalio, uangalie kama kuna ubao unaojaribu kuinua ncha.